Pete ya Kitanda cha Faki

Mtu mmoja, Faki bin Kombo, alikuwa na nyumba iliyoipa bahari mgongo, na ndani yake samadari ya urithi, kitanda kirefu chenye pete iliyochongwa kwenye kila mguu. Kila mwaka bamvua kubwa lilipojaa, bahari ilisukuma mlango wa uani na kuingia bila hodi. Faki aliinama kutoka kitandani, akatazama maji yalipokoma, kisha akaenda msikitini kutangaza: "Penye pete, kama mwaka jana!" Watu walimwamini, maana Faki hakuwa mwongo, na kweli maji yalikoma penye pete.

Lakini Faki alilipenda mno godoro lake. Siku chache kabla ya kila bamvua aliongeza tofali moja chini ya kila mguu, godoro lisije likalowa. Mwanzo alipanda kitandani kwa kigoda, baadaye kwa meza, mwisho kwa ngazi ya kupakia chokaa. Hilo hakuliona kuwa ni habari.

Mkewe, Mize, mama wa mtoto wao Mkasi, alichoka kuanika mikeka. Kaka yake aliwawekea kiwanja mlimani, lakini alisema atawangoja mpaka bamvua la mwaka huu tu, kisha atampa mwingine. Mize alibembeleza, akalia. Faki akaapa kwamba maji yakiipita pete hata kwa unene wa kidole, watahama.

Bamvua likaja. Mikeka ikaelea, masufuria yakaenda kutembea ukumbini. Faki akachungulia kutoka juu: penye pete! Akainuka kwa furaha, akasimama wima juu ya godoro, na kichwa kikagonga boriti.

Mize alikuwa chini, kanga zake amezikusanya kifuani.

"Baba Mkasi," akasema, "mwaka uliponioa, maji haya yalinifika vifundoni. Leo yamenifika kiunoni. Au ni mimi ninayefupika?"

Faki akatazama maji, akatazama matofali, akasugua nundu yake. Aliona haya, hata ngazi ya kushukia akaiomba kwa sauti ndogo. Maji yalipotoka, samadari ilibebwa mlimani, ikasimama juu ya udongo mtupu.

Nanyi mnaomcheka Faki: hicho mnachopimia hatari yenu, mmekiwekea matofali mangapi?