Betri Chini ya Kanga

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana pikipiki za umeme zilikuwa zimeshafika, ulikuwapo mji ambao jua la adhuhuri likisimama, wote hulala. Kuku walilala, majani yalilala, hata upepo ulijikunja mahali ukalala.

Mji huo ulikuwa na desturi yake. Mtoto akiponea kifo kabla ya arobaini, aliyemwokoa ndiye humpa jina siku hiyo ya arobaini. Mtu mmoja, jina moja.

Siku hiyo Salha alikuwa chumbani na mwanawe wa siku ishirini. Mumewe alikwenda sokoni kwa miguu, akaacha betri ya pikipiki ikichajiwa karibu na mlango. Juzi yake betri ilianguka, ikavimba ubavu. Ilikuwa na taa ndogo ya kijani. Salha alihofia mwanga wake utamsumbua mtoto, akaifunika kanga. Kisha akalala, akaota bustani yenye harufu tamu, kali.

Sauti ikaingia bustanini. "Salha, mwanangu, unapaka rangi ya kucha?"

Alikuwa Bi Tausi, jirani asiyeona, nje ya dirisha la nondo.

"Mzazi gani anajipaka rangi, Bi Tausi?"

"Basi amka, mbebe mtoto. Kitu kinanuka humo, tena kinafoka kama nyoka."

Salha akaamka, akambeba mtoto. Moshi mweupe ulitoka chini ya kanga, polepole, kama mvuke wa wali. Mlango ulikuwa mmoja tu, na betri ilikuwa pale pale.

Bi Tausi akapiga ukelele. Akaja mbio Kombo, shemeji yake Salha, fundi cherehani. Akachomoa waya, akaikokota betri kwa jembe hadi kwenye ngazi za nje. Hapo ikawaka. Kanga ilikuwa imenasia jembeni. Akaing'oa kwa mikono, viganja vikaungua. Akaifukia betri kwa mchanga. Moto ukazimika. Kimya kikarudi.

"Pita, shemeji," alisema Kombo. "Yamekwisha."

Salha akainua mguu aruke mchanga.

"Rudisha mguu," alisema Mwanakheri, muuza maji, akiegesha mkokoteni wake. "Rudi dirishani, upate hewa."

"Moto si umekufa?"

"Umelala. Ndani ya betri mna vibetri vingi, vimelala kama watoto wa kitanda kimoja. Mmoja akipata joto humpiga teke mwenzake, naye humwamsha wa tatu. Mchanga umewafunika shuka tu. Wanataka kupozwa."

Salha alikuwa hajafika dirishani mchanga ulipopasuka, miali ikaruka pale mguu wake ungekuwa. Mwanakheri akamwaga dumu baada ya dumu, akisimama mbali. Moto ukalala, ukaamka, ukalala tena. Maji ya mtaa mzima yakaisha, akateka mengine kisimani. Mwishowe akaizamisha betri kwenye pipa la maji, akakaa akiilinda hadi magharibi.

Mume aliporudi, alisikiliza yote, akasema, "Mama mtoto, uliyekuwa ndani ni wewe. Chagua wewe."

Bi Tausi akasema, "Nisingenusa, wangekuta majivu. Sura yake sitaiona kamwe. Niacheni nimjue kwa jina nililompa."

Kombo akasema, "Kunusa si kutoa, bibi yangu. Mlango ulikuwa umezibwa. Mikono hii haitashika sindano mwezi mzima."

"Na mdomo wako ndio uliosema yamekwisha," Mwanakheri akamjibu, kisha akashusha sauti. "Sijajaliwa mtoto. Sijawahi kumpa mtu jina."

Salha alikifumbata kipande cha kanga kilichobaki. Alifungua kinywa mara tatu, na kila mara jina la mwokozi mwingine lilimfika ulimini. Mtoto alilala, akitabasamu kwa ndoto zake.

Mpaka leo anamwita "mwanangu" tu, na arobaini ni kesho.

Haya, nyinyi mliokaa mkasikiliza: kesho Salha amweke mtoto mikononi mwa nani, apewe jina?