Heri Kuziba Pua

"Heri kuziba pua kuliko kufukia kaburi." Mmemsikia mama Anyosisye akimwambia mwanawe maneno hayo, nanyi mnaniuliza kaburi limeingiaje kwenye habari ya pua. Liliingia kweli, wanangu. Chanzo chake ni hiki.

Zamani majitaka ya mji wetu yalimwagwa moja kwa moja mtoni, na watu wa Ikambako, kijiji kinachokunywa mto huo huko unakoteremkia, walizika watu kila kiangazi. Ndipo yakachimbwa yale mabwawa matatu. Maji huingia la kwanza, tope likazama. Hupita la pili, jua na vijidudu vikamaliza uchafu uliobaki. La tatu lina matete, na maji yakitoka hapo ndipo huachiwa mtoni. Vifo vikakoma. Lakini mabwawa hunuka, na watu wakasahau vifo, wakabaki kulalamikia harufu.

Msimamizi wa mabwawa alikuwa Tusekile. Mdogo wake, Lugano, alijenga jirani na hapo kwa kuwa kiwanja kilikuwa rahisi. Mke wa Lugano alipofariki, Tusekile ndiye aliyemlea binti yao, Sekela. Binti akakua, akachumbiwa na kijana wa Ikambako.

Siku chache kabla ya harusi, Lugano alimfuata dada yake kazini. Jua lilikuwa kali, na bwawa la kwanza lilikuwa linanuka vibaya.

"Dada, wakwe zangu watakula pilau wameziba pua?"

"Wazibe. Si watakaa siku moja tu?"

"Kuna ule mfereji wa pembeni unaokwepa mabwawa. Ukiufungua, majitaka yataupita uwanja wangu yaende zake."

"Yataenda mtoni, Lugano. Wakwe zako ndio wanaokunywa mto huo."

"Siku ya harusi tu. Mtoto hana mama, dada. Usimwaibishe."

Neno hilo la mama ndilo lililomshinda Tusekile. Alifungua mfereji usiku wa kuamkia harusi ili bwawa litulie, akaufunga jioni wageni walipoondoka na bibi harusi wao. Sherehe ilisifiwa. Hakuna aliyeziba pua.

Mto ulikuwa umepungua kwa kiangazi, na uchafu haukwenda mbali. Ulituama kwenye vidimbwi vya Ikambako. Asubuhi yake Sekela, kama mke mgeni, aliamka mapema akawatekea wakwe maji. Hakuna aliyeyachemsha, kwa kuwa tangu mabwawa yachimbwe mto ule haukuwa umemdhuru mtu.

Mama mkwe alianza kuharisha na kutapika, kisha watoto wawili wa jirani. Sekela aliwauguza mpaka naye akaugua. Tusekile alipopata habari alikimbia Ikambako, akamkuta binti macho yameingia ndani, sauti imekwisha. Akafia mikononi mwake.

Makaburini Tusekile alisema mbele ya watu wote, "Mfereji niliufungua mimi." Hakusema nani alimwomba.

Lugano alikuwa ameshika jembe. Alifukia mpaka udongo ukaisha, akakaa chini palepale.

"Mwacheni dada yangu," alisema. "Nilimwomba mimi. Kuziba pua nilikuona kugumu, leo nimemfukia mwanangu."

Watu wa Ikambako waliondoka mmoja mmoja. Lakini tangu siku hiyo, mtu akikataa karaha ndogo inayozuia msiba mkubwa, wazee humwambia: heri kuziba pua kuliko kufukia kaburi.