Karatasi na Eda ya Siwatu

"Karatasi ya kwao haijui eda ya kwetu." Mmeisikia leo kwa mwalimu, mkacheka, halafu mnakuja kuniuliza mimi ilikotoka. Haya, kaeni. Ilitoka nyumba ya pili kutoka hapa, na nilikuwepo.

Jirani yangu Siwatu alifiwa na mumewe akiwa na mtoto wa kunyonya. Akakaa eda, miezi minne na siku kumi, kama dini yetu inavyotaka: hatoki bila dharura, hajipambi, hajitii manukato, haendi harusini. Siku hizo wakapita wauguzi na karatasi ya maswali ya kupima sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Ilitungwa Ulaya, ikafasiriwa kwa Kiswahili kizuri tu. Umeacha kutoka nyumbani? Ndiyo. Umeacha kujipamba? Ndiyo. Unaepuka sherehe? Ndiyo. Masikini, Siwatu si mtu wa kusema uongo.

Kesho yake akaja Daktari Anjelina, mgeni kutoka bara, uso umemshuka. Alama zilionyesha ugonjwa mkali. Siwatu apelekwe hospitali ya mkoa, mtoto abaki kwa baba yake mdogo. Siwatu akamkumbatia mwanawe. Mimi nikawaka!

"Daktari, huyu yuko edani! Ulitaka aende kucheza ngoma?"

"Mama, maswali haya yamehakikiwa na wataalamu."

"Wamehakiki kwa nani? Hebu muulize eda ikiisha atafanya nini."

Namshukuru Mungu, alikuwa msikivu. Akaketi mkekani, akamuuliza taratibu.

"Zimebaki siku kumi na moja," Siwatu akajibu. "Mume wangu namlilia, sikatai. Lakini nalala, nakula, mtoto ananyonya. Nikitoka tu, nakaanga vitumbua vyangu. Wateja wangu wameteseka na vya muuzaji mwenzangu Mashavu, vibichi ndani!"

Daktari akaangua kicheko. Akauliza na mengine, yasiyokuwemo karatasini, mpaka akaridhika.

"Huyu ni mfiwa, si mgonjwa," akasema. "Abaki na mwanawe."

Alhamdulillahi! Nililia mimi kuliko Siwatu mwenyewe.

Wauguzi walikuwa wakisubiri barazani, gari tayari. Daktari akatoka akawaambia gari lirudi tupu. Walipomwonyesha zile alama akatikisa kichwa. "Wenzangu, kabla ya kujumlisha, ulizeni watu wanaishije. Karatasi ya kwao haijui eda ya kwetu."

Alisema "kwetu", jamani, na yeye mtu wa bara!