Jina Chini ya Ukurasa wa Kumi na Nne

Acha nafasi chini kabla hujajaza juu. Mmemsikia mama yenu akimwambia Zaina maneno hayo asubuhi, alipomkuta ameinamia kompyuta na kazi yake ya chuo, na sasa mmenijia wote wawili mkitaka kujua yalitoka wapi. Mbaruku ameshaamua kwamba ni maneno ya mafundi wa kujenga. Si ya mafundi. Mama yenu aliyapata kwangu, mimi niliyapata kwa mpiga chapa, na siku yalipozaliwa nilikuwepo, tena mwenye kosa nilikuwa mimi. Methali hii ilianza hivi.

Mwaka wa sabini na nne nilikuwa mwanachuo wa ualimu huku huku milimani Usambara. Chuo chetu kilikuwa na mabati mekundu, baridi ya kugonganisha meno, na mashine moja tu ya chapa. Mashine ilikuwa mali ya chuo, lakini hakuna aliyethubutu kuigusa isipokuwa Bi Perusi. Alikuwa mama mfupi, mwenye sweta la kijani masika na kiangazi, na vidole vyake vilikwenda kasi hata ukisimama nje ulidhani mvua inapiga bati. Jamani, nikiukumbuka mlio ule moyo wangu hulainika. Siku hizi mnaandika kimya kimya kama watu wanaoiba.

Kila mwanachuo wa mwaka wa mwisho aliandika tasnifu, na kila alichokichukua kwa mtu mwingine ilimpasa amtaje mwenyewe. Namna ya kumtaja ndiyo iliyoleta vita. Mwalimu wa historia alitaka tanbihi: namba ndogo kwenye sentensi, na maelezo yake chini ya ukurasa. Mwalimu wa sayansi alitaka jina na mwaka ndani ya mabano, basi. Walifika hatua ya kunywa chai meza mbalimbali. Bi Perusi aliijua mitindo yote miwili kuliko wao, mpaka nukta na mkato wake. Msimamizi wangu alikuwa yule wa historia, kwa hiyo mimi nilikuwa mtu wa tanbihi.

Na tanbihi kwa mashine ile haikuwa mchezo. Kabla hajagonga herufi ya kwanza ya ukurasa, Bi Perusi alikuuliza, “Huku chini wanakaa wangapi?” Ukimwambia wawili, aliweka alama ya penseli pembeni, mistari kadhaa kutoka chini, na akifika kwenye alama alisimama hata kama sentensi haijaisha. Ukikosea hesabu, ukurasa umeharibika, pamoja na nakala zake tatu za kaboni.

Tasnifu yangu ilihusu mboga za mwituni zilizowaokoa watu miaka ya njaa. Nilisoma vitabu viwili vya wageni, lakini utamu wote niliupata kijijini, mwendo wa asubuhi nzima kutoka chuoni, kwa bibi mmoja aliyekuwa akiishi peke yake. Wiki tatu nilikaa jikoni kwake. Alinionyesha mboga ishirini na tatu, ipi huchemshwa na kumwagwa maji ya kwanza, ipi huliwa na watoto, ipi huokoa na ipi huua. Nilikula ugali wake, nikaota moto wake. Kisha nikarudi chuoni nikaandika kana kwamba mboga zile nilizaliwa nazo.

Tulipofika ukurasa wa kumi na nne, Bi Perusi akauliza kama kawaida yake.

“Huku chini wangapi?”

“Hakuna.”

Akausoma ukurasa wangu wa mkono, pole pole. “Haya ya mboga ya mchunga, wa kivulini na wa juani, umeyaota?”

“Aliniambia bibi mmoja kijijini. Si kitabu, Bi Perusi.”

“Nikuachie mistari mitatu?”

“Jaza tu.”

Akaniangalia juu ya miwani, akajaza. Na kurasa zilizofuata zote akazijaza vivyo hivyo. Mimi nilifurahi, wanangu. Vitabu vya wageni nilivitaja kwa mbwembwe huko mwanzoni, lakini kurasa zile zilipendeza bila jina la mtu. Zilionekana zangu.

Jumatano akaja mtahini kutoka nje, mzee mwembamba mwenye sauti ya chini. Akafungua ukurasa wa kumi na nne.

“Nani anasema haya?”

“Wenyeji, mzee.”

“Wenyeji hawana mdomo mmoja. Nani?”

Mtahini akafunga tasnifu. “Bwana Singano, ama umeyabuni haya, ama umeyachukua kwa mtu ukamficha. Yote mawili siwezi kuyapitisha. Jumamosi saa sita mchana nataka kuliona jina la mwenye maneno. La sivyo, utarudia mwaka.”

Kurudia mwaka! Baba yangu alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba mwanawe anarudi mwalimu. Nilitoka mle nikaenda moja kwa moja kwa Bi Perusi.

“Shikamoo Bi Perusi. Naomba uniongezee jina moja.”

“Marahaba. Niliongeze wapi? Ukurasa umejaa mpaka chini. Nikisukuma mistari mitatu hapa, inaangukia ukurasa wa kumi na tano, wa kumi na tano unausukuma wa kumi na sita, mpaka mwisho wa sura. Kurasa kumi na nane, mwanangu, mara nne.”

“Basi tuweke mabano, kama wanavyofanya watu wa sayansi. Yanakula nafasi ndogo.”

“Mabano yanataka mwaka. Huyo bibi yako alichapishwa mwaka gani?” Akacheka kidogo, kisha akatia karatasi mpya kwenye mashine na kuchukua penseli. “Haya. Anaitwa nani?”

Hapo ndipo nilipotamani ardhi ipasuke. Sikulijua jina lake. Wiki tatu nilimwita Bibi, kama tulivyolelewa. Kijana kumwuliza mtu mzima jina lake ilikuwa utovu wa adabu, na mimi niliifanya adabu hiyo kisingizio. Bi Perusi hakunigombeza. Aliweka penseli chini akasema, “Nenda. Mashine haitaondoka.”

Alhamisi alfajiri nikapanda mlima. Nilimkuta bibi anachambua mnavu mlangoni. Nikamwamkia, nikapiga magoti, nikamweleza kosa langu lote bila kuficha kitu, nikamwomba jina.

Aliacha kuchambua. “Jina langu,” akasema. “Walioliita wamekwisha wote, mjukuu wangu. Mume wangu ndiye wa mwisho. Mimi ni Mwanamvua binti Kaoneka.” Akalirudia, kana kwamba analijaribu kama bado linamkaa. “Utaliweka wapi?”

“Chini ya ukurasa, Bibi.”

“Chini? Kwani mimi kuku?”

“Ndiko wanakokaa wenye maneno. Sisi wa juu tunasimama juu yao.”

Akacheka mpaka mnavu ukamwagika. “Basi uniachie nafasi ya kutosha. Mimi mnene.”

Ijumaa nzima, na Jumamosi tangu asubuhi, mimi nilisoma kwa sauti na Bi Perusi akapiga. Kila ukurasa aliuliza, “Wangapi?” nami nikamjibu kabla hajagusa herufi. Kwenye ukurasa wa kumi na nne alipiga hivi: Mwanamvua binti Kaoneka, mkulima, maelezo ya mdomo, jikoni kwake, mwezi wa Juni. Saa sita kasoro dakika kumi nilikuwa mbele ya mtahini. Alisoma pale chini kwanza, ndipo akapanda juu. Akatia sahihi. Nilipomrudia Bi Perusi na habari hiyo, akaniambia, “Siku nyingine, acha nafasi chini kabla hujajaza juu.”

Nakala ya nne, ile ya kaboni iliyofifia, nilimpelekea bibi. Hakujua kusoma. Aliniomba nimwonyeshe lilipo, akaweka kidole juu yake, akakaa hivyo mpaka chai yake ikapoa. Sikupata tena cheti kilichonifurahisha kama kidole kile.

Tangu mwaka ule, kila mwanachuo aliyeingia kwa Bi Perusi alipokewa kwa maneno hayo, naye alipopangiwa shule akaondoka nayo. Nimeyasikia hata kwa watu ambao hawajawahi kuiona mashine ya chapa. Bi Perusi ametangulia, na bibi alitangulia zamani zaidi. Laiti ningeusikia tena mlio ule siku moja tu.

Ndiyo, Mbaruku, najua kompyuta inaacha nafasi yenyewe. Inaacha nafasi. Jina haikuulizii.

Na wewe, Zaina? Yule mama aliyekufundisha kutia rangi ukindu wa mikeka pale sokoni, umemwandika nani kwenye kazi yako? Sema, usione haya. Umemhifadhi kwenye simu kama “Mama Mikeka”? Wiki ngapi umekaa naye? Nne! Basi umenishinda mimi. Haya, mpigie sasa hivi. Mwamkie kwanza, halafu umwombe jina lake lote, na jina la baba yake. Hiyo kazi yako itasubiri.

Acha nafasi chini, mjukuu wangu, kabla hujajaza juu.