Bati la Breki na Mtoto wa Mboni

Kaeni vizuri, na mwenye lake moyoni alibane kwanza. Nina kesi iliyonishinda pamoja na ubishi wangu wote, na leo nawatwika ninyi.

Palikuwa na mwanamke akiitwa Mboni, mkazi wa kijiji kimoja juu kabisa kwenye milima ya Usambara. Alikuwa na mimba ya kwanza, na mumewe yuko kazini mbali. Lakini hakuwa peke yake. Alikuwa na watu watatu, na kila mmoja Mungu alimjalia chake.

Bi Mwanamkuu, mama mkwe wake, alijaliwa masikio. Miaka thelathini alisimamia mashine ya kusaga, na kokoto moja likiingia kwenye debe zima la mahindi, yeye alilisikia kabla mashine haijaumia.

Shemweta, jirani mwenye gari, alijaliwa utulivu. Aliteremka mlima kwa gia ya pili, hata baiskeli zikampita, na watu wakamcheka. Hajawahi kumkwaruza hata kuku.

Singano, fundi wa gereji, alijaliwa mikono. Na ubishi, maana kutupa kitu kwake ni dhambi.

Sasa sikilizeni mazoea ya huko. Nyuma ya diski ya breki, magurudumu ya mbele yana bati jembamba la kukinga mawe na tope. Likilegea linalia, na gari linalolia huko ni aibu, watu hutoka milangoni kulitazama. Basi mafundi huling'oa, wakalitupa, maisha yakaendelea. Wiki mbili kabla ya siku ninayoisema, bati la Shemweta lilianza kulia.

"Ling'oe," alimwambia Singano. "Gari ngapi zinatembea bila hilo dude?"

"Na wewe nyumba yako ina mlango wa nini? Mwizi alikuja lini?" Singano akamjibu. Akakata kopo la mafuta, akatia kiraka pale palipoliwa na kutu, akakaza kwa ribiti, vile visumari vya kubania bati, na kulirudisha. Gereji nzima ilimcheka.

Siku ikafika. Uchungu ulimshika Mboni alfajiri, na Bi Mwanamkuu akasema wangoje, mimba ya kwanza haina haraka. Wakangoja mpaka adhuhuri, ndipo wakampeleka zahanati ya kijiji. Muuguzi alipompapasa tumbo alibadilika uso, kwa sababu mtoto alikuwa amelala kwa kukingama.

"Mteremsheni hospitali sasa hivi," akasema. "Hapa sina la kumfanyia."

Barabara ilikuwa imetoka kumwagwa kifusi kipya, na mvua inanyesha. Mboni alilala kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya mama mkwe wake, akihesabu kona ili asihesabu maumivu. Kona ya nne, jiwe lilipiga chini ya gari, paa! Wakaendelea. Kona ya sita, gurudumu la mbele likaanza kulia kwa sauti ya kutia ganzi meno, na Shemweta akasimamisha gari huku jasho likimtoka.

"Hizo ni breki," alisema. "Siwezi kuteremka mlima huu na breki zinalia hivyo. Lazima nifungue gurudumu."

"Itachukua muda gani?" Mboni aliuliza.

"Kwa tope hili, saa nzima."

Mboni alijua saa nzima hana. Aliogopa, wala hakuona haya kulisema. "Nitafia hapa, mama."

Bi Mwanamkuu alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza nyumba ya pili. "Hebu lisogeze kidogo, baba," akamwambia Shemweta. Gari likasogea, likalia. "Hiyo si breki. Ni kokoto limebanwa na bati. Mashine ikibana kokoto sisi tulikuwa tunaizungusha kinyume, linaanguka lenyewe. Rudi nyuma."

Kurudi nyuma ni rahisi mdomoni. Nyuma yao kulikuwa na mlima na utelezi, upande mmoja ukuta wa udongo, upande wa pili korongo. Shemweta alitoa kichwa dirishani mvuani, akalirudisha gari pole pole hatua arobaini, na mara mbili tairi lilichungulia korongo. Mboni alifumba macho. Alipoyafumbua kelele zilikuwa zimekatika, na alilia kwa furaha ya ule ukimya.

Hospitali walimfanyia upasuaji, akapata mtoto wa kike, mzima wa afya. Daktari alimwambia kwamba wangechelewa nusu saa zaidi, angepotea mmoja wao, yeye au mtoto. Mboni alicheka, mshono ukamuuma, akacheka tena. Alikuwa hai, na mwanawe yuko hai.

Sasa ndipo kesi inapoanza. Katika ukoo wao, mtoto hutolewa nje siku ya arobaini, na anayempokea mlangoni huwa mzazi wake wa pili maisha yote. Mama mtoto ndiye anayemchagua, na huwa mtu mmoja tu.

Siku hiyo wote watatu walikuwa uani.

"Tusidanganyane," alisema Shemweta. "Pasingekuwa na bati, kokoto lingebanwa na nini? Bati ndilo lililotuchelewesha. Mimi ndiye niliyewatoa pale."

Singano alikuwa amelifungua lile bati, akaja nalo mkononi. Lilikuwa limebonyea, ngumi nzima inaingia. "Hii ni kazi ya lile jiwe la kona ya nne. Lingeingia kwenye diski, leo tungekuwa tunawasomea hitima." Kisha akaligeuza, na sauti ikashuka. "Lakini nisifiche. Kokoto lilipita hapa, kwenye kiraka changu. Niliacha mwanya."

Shemweta alilipokea bati, akapitisha kidole kwenye ule mwanya.

"Na mimi nilitaka ling'olewe," Shemweta akakiri.

"Mimi ndiye niliyesema tungoje," alisema Bi Mwanamkuu, macho chini. "Bila masikio yangu mngekuwa bado mnafungua gurudumu. Lakini mimi ndiye niliyesema tungoje."

Mboni aliwasikia wote kutoka mlangoni, mtoto mikononi. Hakuwa na kinyongo na yeyote. Shukrani zilimjaa kifuani, akawatazama mmoja mmoja. Mikono sita ilikuwa imenyooshwa mbele yake, na mtoto ni mmoja.

Haya, semeni. Na asiniambie mtu "wote watatu," maana mtoto hapokelewi na umati. Ungekuwa wewe ndiye Mboni, mguu mmoja umeshavuka kizingiti, mwanao ungemweka mikononi mwa nani?