Waliomwokoa Paka Kengele

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni zamani ya juzi tu, pikipiki zikiwa zimeshajaa milimani, aliishi Tukuyu mjane mmoja jina lake Bibi Subilaga. Homa kali ilimziba masikio angali kijana. Kusema alisema vizuri, na maneno aliyasoma kwenye midomo ya watu. Lakini kusikia? Hata radi haikumfikia.

Masikio yake yalikuwa paka. Paka wa rangi ya majivu, jina lake Kengele. Mgeni akipiga hodi, Kengele anamgusa bibi mguuni. Maziwa yakifurika jikoni, Kengele anamgusa. Na siku cheche iliposhika paa la zizi, bibi amejilaza mchana, Kengele alimparura shavu mpaka akaamka. Ng'ombe wakapona wote!

Sasa sikilizeni. Asubuhi moja ya mvua, bibi amekaa barazani anamenya ndizi, ua ameupa mgongo. Kengele anakatiza uani. Mara akapiga ukelele! Ukelele gani huo, jamani! Si wa njaa, si wa kugombana. Miguu ya nyuma imekatika nguvu, ameanguka, anajikokota kwa miguu ya mbele, anamlilia bibi yake. Na bibi anamenya ndizi. Paka analia, bibi anamenya. Paka analia, bibi anamenya.

Aliyesikia ni jirani, Ambakisye. Na huyu Ambakisye alimchukia yule paka kuliko mwewe! Vifaranga vyake kadhaa viliishia tumboni mwa Kengele, na tangu hapo salamu kwa bibi alizikata. Aliposikia ukelele, alifurahi. "Leo kapatikana!" akasema, akapanda uzio ili achungulie.

Akamwona paka anajikokota topeni, anauendea mgongo usiosikia.

Furaha ikamtoka. Akaruka uzio, suruali ikachanika, hakujali. Akamshika bibi bega. "Mama, geuka! Paka wako!" Akaipapasa miguu ya Kengele. Ya mbele ina joto, ya nyuma baridi kama jiwe la mtoni. "Huyu hajavunjika, mama. Hapa kuna jambo. Twende kwa daktari wa mifugo, panda!"

Bibi akamfunga Kengele kwenye kitenge, akapanda pikipiki ya mtu ambaye jana yake asingempa hata kaa la moto. Tope linaruka, mvua inapiga, pikipiki inalia mlimani!

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke kijana aitwaye Tumpe. Akashika mapaja ya Kengele akitafuta mapigo ya damu. Hakuna. Akakata ncha ya ukucha wa mbele, damu ikachuruzika. Akakata wa nyuma. Pakavu.

Akasimama mbele ya bibi, midomo ionekane vizuri. "Bibi, moyo wa Kengele una ugonjwa. Damu imeganda humo ndani, bonge limesafiri likakwama pale mshipa mkubwa unapogawanyika kwenda miguu ya nyuma. Ipo dawa ya kuliyeyusha, lakini sina. Nayo ikipatikana, si ya kuchezea. Damu inaweza kumtoka ovyo. Au bonge likifunguka, sumu iliyojikusanya miguuni inaurudia moyo ghafla na kuusimamisha. Wengi hapa huchagua sindano ya kumlaza milele, asiteseke."

"Sitaki alazwe!" bibi akasema. "Mwanangu, ninaye mtamba mmoja mwekundu, ana mimba ya kwanza. Atakayemwokoa Kengele, mtamba ni wake."

Hapo Tumpe akamkumbuka Mzee Andengenye, mstaafu wa mashamba ya chai, aishiye peke yake na mbwa wake, Chui. Bonge la damu liliwahi kumziba Chui pafu, akaponea chupuchupu. Binti wa mzee aliyeko ng'ambo akatuma kichupa cha dawa ileile, kikawekwa akiba kwenye friji, bonge lisije likarudi.

Akampigia simu. Mzee akamtazama Chui, aliyelala miguuni pake.

"Daktari, na Chui akianguka kesho?"

"Babu, sitakuwa na kitu cha kumpa."

"Na huyo paka akiikosa leo?"

"Anakufa."

Simu ikakatika. "Amekataa," Ambakisye akasema. Kengele akilia, wanainamisha macho. Miguu inazidi kuwa baridi. Mara trekta la majani ya chai likafunga breki nje, puu! Mzee Andengenye akaruka kutoka kwenye tela, amelowa chapachapa, chupa ya chai kifuani, na ndani yake barafu na kile kichupa!

"Chukua kabla sijabadili mawazo!"

Tumpe akaiingiza dawa mshipani taratibu, tone kwa tone. Bibi ameishika miguu ya nyuma ya Kengele viganjani. Wakangoja. Wakangoja. Ghafla bibi akapaza sauti: "Pana joto! Jamani, pana joto!" Ambakisye akapiga makofi, mzee akamkumbatia, mtu aliyekuwa hamjui hata jina!

Na hapohapo moyo wa Kengele ukasimama.

Tumpe akaweka vidole kifuani, akabonyeza, akabonyeza. Akachoma sindano ya kuukinga moyo na ile sumu, akabonyeza tena.

"Mwache, dada," Ambakisye akasema. "Ameshakwenda."

"Mwache, binti," mzee akasema. "Dawa yangu imepotea bure."

Tumpe hakumwacha. Jasho linamtiririka, anabonyeza. Na Kengele akavuta pumzi! Akafumbua macho, akakohoa, akamng'ata Tumpe kidole!

Haya! Kengele akapona. Anachechemea kidogo, dawa za moyo anameza kila siku, lakini mgeni akipiga hodi, bibi anaguswa mguuni.

Bibi akawaita wote zizini. Akamtoa mtamba mwekundu, kamba mkononi. "Ndaga sana, wanangu," akawashukuru. "Mtamba ni mmoja. Simchinji, simgawi vipande. Kila mmoja asimame nimwone midomo, aseme."

Ambakisye akasimama. "Bila mimi, paka angekufa pale topeni. Mama hasikii, daktari yuko mbali, mzee hana habari. Nani alisikia? Mimi!"

"Ulikuja kushangilia!" mzee akamkatiza.

"Nilikuja kushangilia, nikaishia kuokoa. Kumbeba mpenzi wako ni rahisi. Mimi nilimbeba adui yangu!"

Mzee Andengenye akasimama. "Bila mimi, paka angekufa pale mezani. Wenzangu walitoa mbio na ujuzi, na leo bado wanavyo. Mimi nilichotoa hakipo tena."

"Lakini Chui si mzima?" Ambakisye akauliza.

"Mzima leo. Kila akikohoa, mimi nakosa raha. Uoga huo ndio bei yangu."

Tumpe akasimama. "Bila mimi, paka angekufa na dawa ikiwa mwilini. Bibi, wote wawili waliniambia nimwache."

"Lakini hiyo si kazi yako?" wakasema kwa pamoja.

"Kazi yangu ilikuwa kutia dawa. Moyo uliposimama, hakuna ambaye angenilaumu kwa kuacha. Sikuacha."

Bibi Subilaga akawatazama midomo, mmoja baada ya mwingine. Akaikaza kamba mkononi. Mtamba analamba chumvi, hana habari na mtu.

Sasa msinitazame mimi! Yupo aliyesikia kilio cha adui akaruka uzio. Yupo aliyetoa kinga pekee ya mpenzi wake. Yupo aliyekataa kuondoa vidole kifuani mwa paka pale wote walipokata tamaa. Ningekuwa na jibu, ningelisema tangu mwanzo.

Je, kamba ile ingekuwa mkononi mwako wewe, ungemkabidhi nani?