Lugenge na Ng'ombe wa Mahari

Nyamazeni, nanyi mnaocheka huko nyuma nyamazeni pia, kwani ninayemtaja leo hatajwi kwa kicheko. Zamani zile, nyanda hizi za Kilure zilipokuwa bado hazina jina, alikuwapo Lugenge mwana wa Kihwele, mjukuu wa Mahanga, Lugenge Mvunja-Pembe, aliyemkamata fahali mwenye ghadhabu akamlaza chini kama mtu alazavyo mbuzi. Ndiye aliyewatoa watu wake katika nchi iliyomalizwa na sotoka, maradhi yanayowatiririsha ng'ombe machozi na kuwaharisha mpaka wafe, akawaleta hapa na mifugo michache iliyosalia.

Akaweka sheria moja tu: ng'ombe yeyote mgeni akae kwanza ng'ambo ya mto, asichanganywe na wa nyumbani mpaka mwezi uandame upya naye aonekane mzima. Moja tu! Hata hiyo ikawashinda.

Maana walikuwa na desturi yao kwamba ng'ombe wa mahari huingia zizi la baba wa binti siku ile ile wanapofika, na kuwazuia nje ni kuwatukana wakwe. Lugenge alipokwenda kuchimba visima malishoni, mdogo wake Msolwa akamwoza binti yake, na wakwe waliponuna, akafungua lango.

Lugenge akarudi, akakuta ng'ombe wa mahari wanatoa udenda na wa nyumbani wameanza kulia machozi. Akanguruma hadi watoto wakakimbia.

"Msolwa! Umewaonea haya wakwe, hukuwaonea haya watoto watakaolala bila maziwa?"

"Kaka, ningewaambia nini wale wazee?"

"Ungewaambia nimekataa mimi!"

Ng'ombe waliokuwa malishoni, ambao hawakuwa wamelifikia zizi lile, akaamuru wapandishwe mlimani na vijana wasiolikanyaga. Wa zizini akawavusha mto peke yake, akachimba shimo, akawachinja wote pamoja na fahali wake aliyemlea kwa mkono wake mwenyewe, akawafukia na ngozi zao. Na watu wale, bila aibu, wakaja mtoni na vikapu kutaka nyama! Akasimama na mkuki akawafukuza huku analia.

Ng'ombe wa mlimani walipona wote. Watu wakashangilia, wakamwita avuke arudi nyumbani.

"Miguu hii imekanyaga damu ya sotoka," akajibu. "Sivuki."

Akajenga kibanda kule kule, na moshi wake ukaonekana kila asubuhi, mpaka masika yalipoingia ukakoma, na waliomtafuta hawakupata hata mfupa. Tangu hapo ng'ombe wa mahari husubiri ng'ambo, na mkwe anayenuna huachwa anune.

Lakini nakereka sana ninapowasikia mkijiita wana wa Lugenge. Wana gani? Mvunja-Pembe hakuoa wala hakuacha mtoto. Sisi sote tuliokaa hapa, nami nikiwemo, ni uzao wa Msolwa aliyefungua lango.